Kalamu na Jembe: Somo kwa Vijana Wanaosoma na Wazazi Wao

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Ruthu 2, Mhubiri 4:4-6 na 5:12, Mathayo 20:1-16, Matendo ya Mitume 18:1-5.



Likizo ndefu ya Desemba na Januari imefika. Watoto wetu wameweka madaftari pembeni, na asubuhi tunawaona njiani na majembe begani wakienda lejaleja kwa wenyeji. Wengine wanafyatua matofali, wengine wanasuka nywele, wengine wanachota maji kwa malipo, wengine wanakaa kwenye vibanda vya kuchaji simu. Kwa hiyo mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya kazi.

Mwaka jana, mwezi wa pili, baba mmoja wa kanisa letu alikuja kwetu jioni akiwa na kijana wake. Kijana alikuwa amemaliza kidato cha pili, na likizo yote alikuwa akifyatua matofali kwa mtu mmoja nje ya makazi. Shule ilipofunguliwa hakurudi. Alituambia, "Pasta, shuleni nakaa na njaa, kwenye matofali nakula." Baba, ambaye kule Kongo alikuwa mwalimu wa sekondari, alijibu kwa hasira kwamba mtoto wa mwalimu hawezi kuwa mtu wa matope. Mama alikaa kimya. Baadaye ndipo alipotuambia kwamba unga uliokuwa ukipikwa nyumbani ulinunuliwa na pesa za matofali hayo hayo.

Jioni ile hatukuwa na jibu la haraka. Tuliomba pamoja, wakaenda. Somo hili ni yale tuliyoyatafuta katika Neno kwa ajili yao, na tunaamini yatafaa nyumba nyingi.

1. Je, ni aibu mwanafunzi kufanya kibarua?

Tumtazame Paulo. Matendo 22:3 inatueleza kwamba alisoma miguuni pa Gamalieli, mwalimu mkubwa wa sheria. Kwa lugha ya leo tungesema alisoma chuo kikubwa. Lakini Matendo 18:3 inatueleza kwamba mtu huyo huyo alikuwa fundi wa kushona mahema. Kwa Wayahudi jambo hilo halikuwa ajabu. Walimu wao walifundisha kwamba baba ana wajibu wa kumfundisha mwanawe Torati, na pia kumfundisha kazi ya mikono. Kitabu na sindano vilikaa katika nyumba moja.

Tazameni pia ni nani aliyempa Paulo kazi kule Korintho. Ni Akila na mkewe Prisila. Hawa walikuwa wamefukuzwa Rumi pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Kaisari Klaudio, karibu mwaka 49 baada ya Kristo. Kwa hiyo walikuwa watu waliohamishwa kwa nguvu, kama sisi. Waliacha nyumba na majirani, lakini ufundi wao walivuka nao bahari. Kule Korintho wakaanza tena kushona. Kutoka hapo wakaenda Efeso, na huko tunawakuta wakimfundisha Apolo njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, na kanisa likikutana nyumbani mwao (Matendo 18:26, 1 Wakorintho 16:19). Vijana, kumbukeni jambo hili: askari wa mpakani anaweza kukunyang'anya mzigo, lakini hawezi kukunyang'anya kazi unayoijua.

Basi kibarua si aibu. Mtoto wa mwalimu anaweza kushika matope, akanawa, akashika kalamu. Tena tuseme ukweli juu ya hali yetu. Mwezi wa Aprili 2020 rasheni yetu ilipunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi, na mwaka 2025 familia nyingi ziliondolewa kabisa kwenye orodha ya chakula. Mzazi anayemkataza kijana kibarua cha likizo na hana kitu cha kupika, anamwacha njia panda.

2. Kazi isile shule

Lakini hadithi ya Paulo haikuishia kwenye mahema. Soma Matendo 18:4-5. Siku za kazi alishona, na kila sabato alihojiana na watu katika sinagogi. Sila na Timotheo walipofika kutoka Makedonia, Paulo alijitoa kabisa kwa lile Neno. Maana yake ni kwamba alijua ipi ni kazi yake kubwa na ipi ni ya kuishikilia ile kubwa. Mahema yalikuwa ngazi. Ngazi ni kitu kizuri, lakini hakuna mtu anayejenga nyumba yake juu ya ngazi.

Hapa ndipo kijana wetu wa matofali alipokosea. Kufanya kazi hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuiacha kazi ya likizo ikamle mwaka mzima. Pesa ya leo inaonekana kwa macho, na faida ya kidato cha tatu haionekani. Ndivyo Esau alivyoona dengu akasahau haki ya mzaliwa wa kwanza (Mwanzo 25:29-34). Esau alikuwa na njaa ya kweli, hatumcheki. Lakini aliuza cha miaka mingi kwa shibe ya jioni moja.

Tunawaomba wazazi na vijana wapime kibarua cha mwanafunzi kwa maswali haya manne:

Kwanza, je, kinamrudisha shuleni au kinamtoa? Ikiwa pesa inanunua madaftari, sare na sabuni, kinamrudisha. Ikiwa siku ya kufungua shule inapita na yeye bado yuko shambani, kinamtoa.

Pili, je, umri wake unakiruhusu? Sheria ya watoto ya Uganda, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inaweka miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Kumsaidia mama kupalilia maharage nyumbani ni malezi. Kumtuma mtoto wa miaka 11 kubeba matofali kwa watu ni jambo jingine.

Tatu, je, ni salama kwa mwili na roho? Kazi ya usiku kwenye baa, kazi ya kupeleka vitu usivyovijua ndani ya mfuko, kazi ambayo bosi anataka msichana abaki peke yake baada ya wengine kwenda, hizo zikataeni hata kama mnalala njaa. Kanisa litatafuta pamoja nanyi kitu cha kupika.

Nne, je, kinaacha nafasi ya kulala, kusoma na kuabudu? Maoni yetu ni kwamba wakati wa muhula kibarua kikae Jumamosi, na siku za shule mikono ifanye kazi za nyumbani tu.

3. Jinsi ya kutafuta kazi

Mwalimu wetu mzuri wa kutafuta kazi ni Ruthu Mmoabi, mgeni katika nchi ya watu. Tusome sura ya pili polepole.

Ruthu alianza kwa kuaga nyumbani. Alimwambia Naomi anakokwenda (mstari wa 2). Vijana wengi hapa wanapotea kwa sababu hakuna ajuaye wamekwenda shamba gani. Mwambie mama, mwambie jirani.

Ruthu aliomba kwa adabu. Msimamizi wa wavunaji alipomsimulia Boazi habari zake, alisema kwamba aliomba ruhusa kwanza, kisha akafanya kazi tangu asubuhi (mstari wa 7). Kabla Boazi hajamjua, sifa zake zilikuwa zimeshamfikia. Kazi ya pili huletwa na jinsi ulivyofanya ya kwanza. Ukiambiwa kupalilia, usiache majani kwenye mashina. Ukifyatua tofali, usiweke udongo mbaya ndani na mzuri juu.

Ruthu alitafuta mahali salama. Boazi aliwakataza vijana wake wasimguse (mstari wa 9), na Naomi alimwambia abaki na wasichana wa Boazi asije akadhurika katika shamba jingine (mstari wa 22). Biblia haifichi kwamba mwanamke mgeni anayetafuta kazi yuko hatarini. Basi nasi tusifiche. Mabinti waende wawili au watatu, na warudi jua likiwa bado juu.

Jioni Ruthu alipima alichookota, kikawa kama efa moja ya shayiri, karibu lita 22. Hiyo ni zaidi kidogo ya jerikani moja ya maji. Akaipeleka nyumbani kwa mkwewe. Tunaona hesabu iliyo wazi na nyumba iliyokula.

Pamoja na hayo tuongeze mambo ya siku zetu.

Patana kabla ya kuanza. Katika mfano wa Mathayo 20, mwenye shamba alipatana na wafanyakazi dinari kwa siku kabla hawajaingia. Ninyi pia patana: ukubwa wa kipande, bei, siku ya kulipwa. Yaandike kwenye karatasi ya daftari, na awepo shahidi mtu mzima. Kijana wetu hakufanya hivyo. Matofali 400 ya mwisho hakulipwa, na mwenye kazi alisema hawakuhesabu pamoja. Tulikwenda naye kwa mwenyekiti wa kijiji, akalipwa nusu. Nusu nyingine ilikwenda, na somo likabaki.

Jua haki yako. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa nafasi ya kuajiriwa na kufanya biashara. Si nchi zote zinazotoa nafasi hiyo. Tumshukuru Mungu, na tuitumie kwa heshima kwa wenyeji waliotupokea.

Usinunue kazi. Mtu anayekuambia utoe pesa ili jina lako liingie kwenye orodha ya kazi, huyo ni mwizi. Huduma za UNHCR pia haziuzwi. Na yule anayewaahidi wasichana kazi ya nyumbani katika nchi za Ghuba, akitaka hati zao haraka na wazazi wasijue, msimfuate. Njooni kwanza tuulize pamoja.

Tunza vyeti. Wenye diploma ya taifa ya Kongo na vyeti vingine vya sekondari vya nje, Baraza la Mitihani la Uganda (UNEB) ndilo linalovilinganisha na vya hapa. Na ninyi mnaotamani chuo kikuu, jueni kwamba udhamini wa DAFI umekuwa ukisomesha wakimbizi tangu mwaka 1992. Nafasi ni chache kuliko waombaji, na wanaangalia alama. Aliyeacha kidato cha tatu kwa ajili ya matofali hawezi hata kujaza fomu.

Na ikiwa umesimama asubuhi kwenye njia panda na hakuna aliyekuchukua? Katika Mathayo 20 kuna waliosimama sokoni mpaka saa kumi na moja, saa ile ile ya jioni tunayoiita hivyo sisi. Walipoulizwa kwa nini wamekaa bure, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa wavivu. Tusimwite mvivu kila aliyekosa kazi. Bwana wa shamba alijua kwamba hata wao jioni watarudi kwenye nyumba zenye njaa.

4. Kazi gani inaridhisha?

Jumapili moja baada ya ibada tuliwauliza vijana: katika vibarua vyote mlivyofanya, ni kipi kilichowafurahisha? Tulidhani watataja kilicholipa zaidi. Wachache walitaja hicho.

Binti mmoja alisema anapenda kusuka nywele kuliko kuvuna mahindi, ingawa mahindi yanalipa vizuri zaidi msimu ukifika. Tulimuuliza kwa nini. Alisema, "Mama akimaliza kusukwa anajitazama kwenye kioo, anacheka." Kijana mwingine alisema siku aliyoikumbuka sana hakulipwa kitu: alimtafsiria bibi mmoja kwa daktari, kutoka Kinyabwisha kwenda Kiingereza, na bibi akapata dawa iliyofaa. Wa tatu alisema anapenda kwa fundi baiskeli kwa sababu kila wiki anajua kitu ambacho wiki iliyopita hakukijua.

Tulirudi nyumbani tukatafakari majibu hayo pamoja na Neno, tukaona mambo matatu.

La kwanza, kazi inaridhisha unapomwona mtu uliyemfaa. Mungu alimweka mwanadamu katika bustani ailime na kuitunza (Mwanzo 2:15), na jambo hilo lilikuwa kabla ya dhambi. Tuliumbwa tufae kitu. Yule anayebeba maji, akikumbuka kwamba mgonjwa wa nyumba ya tatu anaoga kwa sababu yake, jerikani inakuwa nyepesi kidogo.

La pili, kazi inaridhisha inapokukuza. Mwenye kulima miaka mitano asijifunze lolote juu ya mbegu au udongo amefanya kazi ya mwaka mmoja mara tano. Hata kwenye kibarua kidogo, uliza. Kwa nini udongo huu na si ule? Kwa nini faida imepungua wiki hii? Hilo ni shule pia.

La tatu, kazi inaridhisha jasho linapoheshimiwa, kwa malipo na kwa pumziko. Mhubiri 5:12 inatuonyesha mfanyakazi mwenye usingizi mtamu, akiwa amekula kidogo au kingi, na tajiri ambaye wingi wa mali unamkosesha usingizi. Na Mhubiri 4:4-6 inatuonya juu ya kazi ya kushindana na jirani, ikisema konzi moja yenye utulivu ni bora kuliko konzi mbili zenye taabu. Tunajua vijana waliofanya kibarua miezi miwili wapate simu kama ya rafiki yao. Simu ilipovunjika kioo, furaha yote ilivunjika nayo.

Hatusemi pesa si kitu. Wanaosema hivyo hawajapanga foleni ya rasheni. Tunasema kwamba pesa peke yake hulipa siku, na mtu anahitaji pia kitu cha kulipa moyo.

Sasa tumemwelewa vizuri zaidi yule baba mwalimu. Hasira yake haikutoka kwenye matope. Alikuwa amepoteza mambo yote matatu siku moja, siku aliyokimbia: wanafunzi aliowafaa, vitabu vilivyomkuza, na mshahara uliomheshimu. Kumwona mwanawe akiacha shule kulikuwa kama kukimbia mara ya pili.

5. Neno kwa wazazi na kwa wenye kazi

Wazazi, kibarua cha mtoto kisigeuke mfuko wenu. Pesa yake ikinunua unga, mshukuruni mbele ya wadogo zake, na sehemu yake iwekwe kwa ajili ya shule. Msiwaambie wenye diploma kwamba wamesoma bure kwa sababu leo wanauza nyanya. Nanyi mliosoma, msiidharau nyanya.

Nanyi wapendwa wenye mashamba, saluni, vibanda na bodaboda, ninyi ni waajiri. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inaamuru maskini wa kibarua alipwe kabla jua halijatua, awe ndugu au mgeni. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana. Tunalalamika tukidhulumiwa nje ya makazi. Je, hapa ndani tumewalipa watoto wa wenzetu?

Mwisho wa habari ya nyumba ile

Kijana alirudi shuleni wiki ya tatu ya muhula, akiwa nyuma katika hesabu. Jumamosi aliendelea na matofali, kwa fundi mwingine, kwa mapatano yaliyoandikwa. Baba alipeleka vyeti vyake vilinganishwe, na mpaka tunapoandika bado anasubiri. Lakini jioni alianza kumfundisha mwanawe hesabu uani. Watoto wawili wa jirani wakajiunga, kisha watano. Sasa ni kumi na wawili, na wazazi wanaleta wanachoweza: kikombe cha maharage, shilingi chache, kuni. Njaa haijaisha katika nyumba ile. Lakini tulipita wiki iliyopita saa kumi na mbili jioni, tukamsikia mzee akieleza sehemu kwa sauti ya darasani. Hakutuona. Hatukumkatiza.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika vikundi

1. Ni kazi gani ambayo wewe au wazazi wako mlivuka nayo mpaka? Nani amejifunza kutoka kwenu?

2. Mtoto wetu anayefanya kibarua likizo hii, tumepatana naye siku gani ataacha na kurudi shuleni?

3. Katika mambo matatu ya kazi inayoridhisha, lipi linakosekana katika kazi yako ya sasa? Unaweza kufanya nini wiki hii?

4. Je, kuna mtu ambaye nyumba yetu inamdaiwa ujira?

Tuombe

Bwana Yesu, wewe uliyejulikana kama seremala kabla hujajulikana kama mwalimu, bariki mikono ya watoto wetu. Walinde mashambani na njiani. Uwape kazi leo na shule kesho. Wenye kusimama njia panda hadi jioni, uwatokee. Wenye kuzuia ujira, uwageuze. Nasi sote utupe usingizi wa mtu aliyefanya kazi kwa uaminifu. Amina.